Siku Niliyomwita Mbwa Wangu Mbele ya Wakwe

Waliokuwepo siku hiyo niwataje kwanza, mtu asije akasema nimezua. Nilikuwepo mimi mwenyewe, Jokudu, ambaye hapa Hai Malakal, Juba, wananiita Haboba, yaani nyanya, hata watu wazima wenye mvi zao. Alikuwepo mwanangu Tombe, anayekaa Gumbo ng'ambo ya daraja, na mke wake Mama Gloria, mtoto wa watu wa Arua, mpishi hodari. Alikuwepo mjukuu wangu Keji, ambaye mama yake ni binti yangu wa kwanza, marehemu Poni, na mtoto wa Keji alikuwa mgongoni. Upande wa wakwe alikuja Lado, baba wa huyo mtoto. Alikuja Mzee Wani, kaka mkubwa wa baba yake Lado, ambaye ndiye msemaji wao tangu baba yake Lado afariki. Na alikuja shangazi yake Lado, Kiden, na gauni la kijani na viatu vya kisigino. Hao ndio watu. Halafu kulikuwa na mbwa.

Nimeshapata aibu nyingi katika maisha haya (niliwahi kusinzia kanisani mbele kabisa nikaangukia mgongo wa katekista, akapiga kelele), lakini hii ya mbwa ndiyo nikiikumbuka naweka sufuria chini, nafunika uso na kanga, na kama hakuna mtu karibu nasema kwa sauti, “Jokudu, Jokudu, ulikuwa na shida gani?”

Kwanza muelewe jambo la majina. Kwetu mbwa hapewi jina la kumbembeleza. Mbwa anapewa lile neno ambalo umeshindwa kumwambia mtu usoni. Kama jirani anakusengenya, mbwa wako unamwita Semeni, na jioni unasimama mlangoni unaita “Semeni! Semeni! Njoo kula!” na jirani anasikia, na hawezi kukupeleka kwa chifu, kwa sababu wewe unaita mbwa wako tu. Marehemu baba yangu alikuwa na mbwa ambaye jina lake lilifanya kaka yake ahame kabisa akajenga upande wa pili wa kijito. Ndivyo tulivyolelewa, hakuna aliyeona vibaya.

Sasa huyu Lado alimpenda Keji, Keji akapata mimba, mtoto akazaliwa, mtoto akakaa, mtoto akatambaa, mtoto akasimama kwa kushika ndoo, na watu wa Lado kule Rejaf hawajaleta mguu wala mahari. Lado mwenyewe ni kijana mzuri, simsemi, kila mara analeta sabuni na unga wa mtoto, lakini wazee wake kimya. Na siku ile ile Keji alipotoka hospitali na mtoto, mwanamke mmoja wa jirani aliniletea kitoto cha mbwa, chekundu, masikio yamesimama, miguu mirefu kama ya mbuzi. Nikakiangalia, nikamwangalia Keji amelala na mtoto wa watu wasiojulikana, hasira ikanipanda, nikasema huyu anaitwa Akulu Sakit. Kwa Kiarabu chetu cha Juba ni “wamekula bure.” Ningeweza kumpa jina kwa Kibari cha ndani, la kuzunguka zunguka, lakini nikaona hapana, neno lisipotee njiani, niliseme kwa lugha ambayo hata mwenye duka Mganda ataielewa. Na wakaelewa! Kila jioni, “Akulu Sakit! Akulu Sakit!” na mtaa mzima unacheka, na Keji anajificha ndani.

(Lado akija alikuwa hamwiti mbwa kwa jina hata siku moja. Anampigia mluzi, au anasema “wewe.” Tulikuwa tunaelewana hivyo.)

Basi siku moja, bila kutegemea, Lado anakuja anasema wazee wamekubali, Jumamosi watakuja kubisha hodi. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, halafu usiku ule ule sikulala vizuri, kwa sababu mimi nikifurahi sana tumbo linaniambia kuna kitu kitaharibika. Kiwanja changu cha Hai Malakal ni kidogo, tukakubaliana tukutane kwa Tombe, Gumbo, ambako kuna rakuba, kibanda kikubwa cha kivuli, na nyuma ni mashamba ya kunde hadi barabara ya Nimule. Na mbwa? Keji akasema, “Haboba, huyu tumwache.” Nikasema nimwache na nani? Wiki ile mbwa wa watu wawili mtaani walikuwa wamelishwa sumu, hatukujua na nani. Nikampandisha kwenye raksha, yaani bajaji, pamoja na masufuria, nikasema atafungwa nyuma ya jiko, nani atamuuliza mbwa jina?

Nani atamuuliza mbwa jina! Kumbukeni nilisema hivyo.

Wageni wakafika na gari jeupe, wakakaribishwa, wakaketi chini ya rakuba. Mzee Wani ni mrefu, mwembamba, goti moja halikunjiki vizuri, na uso wake mtu huwezi kuusoma. Alisalimia kwa heshima halafu akanyamaza. Kiden ndiye alikuwa anaongea, anauliza maji ya kunywa ni ya chupa au ya kisima, anapangusa kiti kabla ya kukaa. Mimi naona mambo hayashiki moto, Tombe anasema habari za mvua, Lado anasema ndiyo mvua, halafu tena kimya, unasikia tu kuku. Na katika kimya hicho Akulu Sakit akakata kamba. Akaja anatembea taratibu mbele ya wageni kama mwenye mji, akasimama, akanyoosha mgongo.

Mzee Wani akainuka kwenye kiti. Nasema akainuka, na goti lake lile.

“Huyu ni mbwa wa sungura,” akasema. Ile sauti haikuwa ya mkwe tena, ilikuwa ya mtoto aliyeona mandazi. “Angalia kifua. Angalia nyonga hizo. Mama Poni, huyu mbwa ni wako?”

“Ni wangu, Mzee.”

“Anaitwa nani?”

Jamani. Nilisikia Mama Gloria ameangusha mwiko jikoni. Keji aliinama kama anafunga kiatu na hakuwa na kiatu. Nilikuwa na nafasi ya kusema mbwa hana jina, au kusema nitakuambia baadaye, au hata kuzimia, mzee kama mimi akizimia hakuna anayeshangaa. Badala yake mdomo wangu ukasema:

“Simba.”

“Simba,” akasema Mzee Wani, na akaonekana kuvunjika moyo kidogo. “Jina la mbwa wa askari. Kwetu mbwa anapewa jina lenye neno ndani.”

“Siku hizi watu wamesahau, Mzee,” nikasema, mimi huyu.

“Lado, wewe unakuja hapa, unamjua huyu mbwa?”

Lado alikuwa anaangalia paa la rakuba kama limeandikwa kitu. “Ni Simba, baba mkubwa. Simba kabisa.”

Na Tombe naye, ambaye hajaulizwa, akadakia, “Simba, Simba, mbwa mzuri sana huyo Simba.” Basi sasa uongo haukuwa wangu peke yangu, ulikuwa wa ukoo.

Kumbe Mzee Wani hakuwa ameshika mbwa wa kuwinda tangu ujana wake. Akaanza kusimulia, na mimi nikaanza kuitikia, maana hayo mambo nayajua, nimeyaona kwa baba yangu. Kiangazi nyasi zikiungua, mkuu wa uwindaji anapiga pembe asubuhi, wanaume wanatoka na nyavu, mbwa wamevaa njuga za mbao shingoni, sisi wasichana tunafuata nyuma na vikapu. Na sungura akiruka, kila mtu anaita mbwa wake kwa jina, anaita kwa nguvu zote, kwanza ili mbwa ajue yuko na mwenyewe apate moyo, pili ili watu wote wajue ni mbwa wa nani aliyeuma kwanza, kwa sababu paja ni la mwenye mbwa. Mbwa ambaye hakuitwa hata akishika, nyama yake italeta ugomvi. Halafu vita ikaja, tukakimbilia Uganda, na kule kambini mbwa akionekana kwenye shamba la mwenyeji anapigwa panga. Tuliporudi huku sungura walikuwa wengi ajabu, wananenepa, kwa sababu nani atamfuata sungura kwenye majani yenye mabomu ya ardhini? Mlikuwa mnamwona amekaa pale nyuma ya mawe yaliyopakwa rangi nyekundu anakutazama kama anakucheka. Na walipomaliza kutoa mabomu, wakaja wenye viwanja, wakapiga mabati, kalas, yakaisha. Vijana sasa wanakaa vibandani kubashiri mpira wa Ulaya, mbwa ni wa kubwekea wezi.

“Lakini huko nyuma naona kunde,” akasema Mzee Wani.

Tombe akasema ndiyo, Mzee, na sungura wanatumaliza, majani yote machanga wanakula. Halafu akajuta, nilimwona anajuta, akaongeza, “Ila siku hizi kuna askari wa wanyama pori...”

“Sungura anayekula kunde za mtu ni mwizi tu, hana askari. Kabla ya chakula, tunyooshe miguu. Mama Poni, wewe twende. Mbwa aitwe na mdomo wa mwenyewe.”

Nilisema miguu yangu inauma. Akasema ya kwake pia. Nilisema chakula kitapoa. Mama Gloria, ambaye alikuwa hajui yuko upande gani, akapaza sauti kutoka jikoni, “Maama, bado, asida haijaiva!” Ningemfinya, yeye na ugali wake.

Tukatoka wote. Kiden naye alikataa kubaki, akaja na visigino vyake vinazama kwenye udongo, anasema sisi tumekuja kwa mambo ya ndoa au kwa mambo ya panya. Lado akatembea karibu na mimi, akanong'ona, “Haboba, tufanyeje?” Nikanong'ona, “Omba Mungu sungura wote wamesafiri.” Niliomba kweli. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazojua, kwa sababu nilijua kile ambacho Mzee hakukijua: yule mbwa hakuwahi kusikia neno Simba maishani mwake. Nilijaribu kidogo, kwa siri, nikasema “Simba” karibu na sikio lake. Akakuna kiroboto.

Mzee Wani alikuwa anapiga majani kwa fimbo yake, anachechemea, anatabasamu peke yake, na nikaona uso wake ule mgumu umelainika kabisa, nikafikiri, labda itapita, labda atachoka, turudi, tule, mambo yaende. Wakati nafikiri hivyo ndipo majani yakafunguka miguuni pake na sungura akatoka.

Mkubwa! Rangi ya vumbi, masikio yamelala mgongoni. Mbwa wangu hakungoja mtu. Alikwenda kama amerushwa.

“Mwite!” akapiga kelele Mzee Wani. “Mama Poni, mwite mbwa, mpe moyo!”

“Simba!” nikaita. “Simba!”

“Kwa nguvu! Hasikii!”

“SIMBA!” Na Lado, “Simba!” na Tombe, “Simba!” na hata Mama Gloria aliyetufuata na mwiko mkononi, “Simba we!” Mtu angetuona angesema kweli kuna simba. Mbwa hakugeuza hata sikio. Sungura akakata kushoto, mbwa naye kushoto, akakata kulia, na kulia huko ndiko kwenye barabara ya Nimule, nikaona mashamba yanaisha, nikaona mtaro, na nikaona trela linakuja kutoka upande wa Nimule, limejaa, linakimbia, mwenye trela hawezi kuona kitu kidogo chekundu kinachotoka kwenye kunde.

Nimeshaulizwa, kwa nini hukunyamaza? Mbwa ni mbwa, Haboba, ndoa ni ndoa. Sikiliza. Yule mbwa alilala mlangoni kwangu miezi yote ambayo hakuna mwanamume aliyekuja kubisha hodi nyumbani mwetu. Sikupima. Wallahi sikupima. Nilifungua mdomo na jina lake likatoka, na sijui nguvu hiyo niliipata wapi na mapafu haya, likaenda juu ya kunde zote:

“AKULU SAKIIIT! AKULU SAKIT, RUDI!”

Mbwa akasimama. Na meno yake yako pale pale, nyuma ya mkia wa sungura, akasimama, miguu minne ikaburuta vumbi kwenye ukingo wa mtaro. Sungura akavuka. Trela likapita na honi yake, vumbi likatufunika, na vumbi lilipokuwa linashuka nilimwona mbwa wangu mzima, anageuka, anarudi anakimbia kwangu na mkia juu.

Kama ingeishia hapo ningesema ni neno limetoka tu, sijui nimesema nini, uzee. Lakini pale barabarani kuna kituo cha boda, na bwana mmoja wa Gulu, Moses, ambaye huwa ananibeba kutoka nyumbani kila nikija kwa Tombe na anamjua mbwa vizuri sana, akaona anisaidie. Akasimama juu ya pikipiki yake akaita, “Akulu Sakit! Nenda kwa mama mzee! Akulu Sakit, nenda!” Na wenzake wakaitikia, wanapenda kelele wale, kituo chote, “Akulu Sakit! Akulu Sakit!” Halafu mmoja mgeni akauliza kwa sauti (hewa ilikuwa imetulia, kila neno lilikuja), “Nani hao wamekula bure?” na Moses, Mungu ambariki, akajibu kama mtu anayeonyesha njia:

“Si ni wakwe zake! Watu wa Rejaf!”

Nilitamani trela lirudi linichukue mimi.

Kiden alielewa kwanza. Alivua viatu, akavishika mkononi, akageuka, akatembea peku hadi kwenye gari bila kusema neno, na wanawake wa aina hiyo wakikosa neno ujue ni hatari. Mzee Wani alibaki amesimama na fimbo yake. Akamwangalia Lado. Lado akaangalia kunde. Mbwa alikuja akaketi katikati yetu, ulimi nje, anafurahi, anangoja asifiwe.

“Mama Poni,” akasema polepole. “Mbwa anaitwa nani?”

“Mzee, umesikia.”

“Nataka kusikia kwako.”

Nikasema. Nikasema mara ya pili, asikie vizuri.

“Ana umri gani?”

“Sawa na mtoto.”

Mzee Wani akageuka akamtazama Keji, aliyekuwa amesimama mbali na mtoto mgongoni, analia bila sauti. Na yule mtoto, ambaye hakuelewa kitu, alikuwa anapunga mkono kwa mbwa. Mzee akamtazama huyo mtoto muda mrefu. Nilikuwa nahesabu moyoni maneno ya kuomba msamaha, malesh hii, malesh ile, na kila nililochagua lilikuwa dogo mno.

“Turudi,” akasema.

Tukashika njia ya kurudi. Nilimsikia Keji nyuma yangu akisema, “Haboba, umeniua,” kwa sauti ya chini kabisa, na hilo mpaka leo ndilo linaloniuma kuliko kituo chote cha boda.

Tukafika. Mama Gloria maskini, ambaye naye alishaona hali, akafanya lile ambalo mpishi anajua, akaleta chakula. Asida nyeupe, mbuzi, bamia kavu na siagi ya karanga, samaki wa kukaangwa, mezani pote. Akaleta maji ya kunawa. Mzee Wani akasukuma birika kando kwa mkono.

“Hatutakula.”

Ninyi mnajua. Mkwe akikataa chakula chako hakuna tena, ni kufunga mlango. Mimi nilipiga magoti, na magoti yangu nayo si ya kupigwa, nikasema, “Mzee, kosa ni langu, mdomo ni wangu, usimhesabie mtoto.” Lado naye akapiga magoti karibu yangu. Tukawa tumepanga foleni.

“Simama, Mama Poni,” akasema Mzee Wani. “Umenisikia vibaya. Nimesema hatutakula. Tukinawa mikono sasa, tukila asida hii, mbwa wako atakuwa amesema kweli, na atakuwa na mashahidi, na mimi nitakuwa mmoja wao. Lado, kamwite shangazi yako kwenye gari. Mwambie aje, tumalize mambo haya na njaa yetu.”

Kiden alikataa. Lado akarudi, akatumwa tena. Mara ya tatu Mzee Wani alimwita mwenyewe kutoka pale alipoketi, na kwa jina ambalo bila shaka ni la utotoni, kwa sababu alikuja mbio na viatu bado mkononi.

Nimehudhuria mazungumzo ya ndoa mengi. Huwa yanaburutwa. Mtu anasema ng'ombe, mwingine anacheka, wanatoka nje kushauriana, wanarudi, wanakula, wanasinzia, wanasema tukutane mwezi ujao. Haya yalikwenda kama watu wanaokimbia mvua. Chakula kiko pale katikati, kimefunikwa na vitambaa, harufu ya karanga inatoka, hakuna anayeruhusiwa. Tombe akitaja kitu, Mzee Wani anasema sawa, endelea. Kiden akianza kubisha, tumbo lake lilikuwa linanguruma kuliko mdomo, sote tukasikia, hata yeye akashindwa akacheka kwa hasira. Wakakubali ng'ombe, wakakubali mbuzi, wakakubali blanketi la kunipa mimi na jembe la kumpa Tombe, na Mzee Wani mwenyewe, bila kuombwa, akasema kuwe na mbuzi wa Poni, wa yule mama aliyemzaa Keji akafa hajaona siku hii. Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nimejizuia tangu kwenye kunde.

Na mimi muda wote huo nimekaa nimebana mikono katikati ya magoti, naogopa mtu atakohoa vibaya, naogopa Moses atapita na pikipiki aite jina lile tena, naogopa mbwa mwenyewe, maana alikuwa amelala chini ya meza anaangalia nyama.

Jua likiwa limeinama Mzee Wani akanyoosha mikono. “Sasa lete maji.” Asida ilikuwa imekuwa ngumu kama tofali. Wakala yote. Kiden aliomba mboga tena.

Nilifikiri tumemaliza. Walipokuwa wanaaga, Mzee Wani akasimama kwenye mlango wa gari, akanigeukia. “Mama Poni, kuna neno moja. Sijawahi kuona mbwa anayesimama na sungura yuko karibu mdomoni, kwa sababu tu mwenyewe amemwita. Wa baba yangu hawakufanya hivyo. Na jina lile haliwezi kukaa tena kwenye mji wa wakwe zangu. Nipe huyo mbwa.”

Kwetu, mkwe akishakubaliana na wewe, ombi lake la kwanza halikataliwi. Nilijua, na yeye alijua kuwa ninajua. Nilimfunga mbwa kamba mwenyewe, nikampandisha nyuma ya gari. Aliona ni raksha tena, tunakwenda wote, akanisogezea nafasi.

Keji alifanyiwa sherehe baada ya mavuno, sasa anakaa Rejaf. Ananipigia simu. Anasema baba mkubwa alijaribu kumwita yule mbwa Simba, akiwa na nyama mkononi, siku nyingi, hakugeuka. Akajaribu majina mengine, wapi. Sasa anaamka alfajiri, anaingia mashambani anachechemea, na Rejaf yote inasikia sauti yake, “Akulu Sakit! Akulu Sakit!” na majirani wanaulizana Mzee Wani anawasema nani, ni serikali, ni wakwe zake, ni sisi? Kiden anafunga dirisha. Lakini anasema pia kuna vijana wawili watatu wameanza kumfuata na mbwa wao, wameacha kibanda cha mpira Jumamosi, na paja la sungura lilikaushwa likaletwa kwangu hapa Hai Malakal kwa basi, kwa sababu Mzee amesema jina nililitoa mimi.

Nililila peke yangu. Jioni nikishaweka chakula bado nasimama mlangoni, nafungua mdomo, halafu nakumbuka hakuna wa kumwita, wameondoka wote wawili, mtoto na mbwa, kwenye barabara moja. Moses ameniletea kitoto kingine, cheusi. Nimeapa hiki hakitapewa neno la mtu yeyote, hata jirani yangu wa mashariki ambaye mbuzi wake wanakula mboga zangu kila siku na anasema ni upepo. Nimeapa pia nikiulizwa jina la mbwa nitalitaja hapo hapo, liwe tamu liwe chungu. Kwa sasa namwita Mbwa.

Basi, mliokuwepo, kama nimekosea mnirekebishe. Mama Gloria anasema gauni la Kiden lilikuwa la bluu, na Tombe anasema trela lilikuwa linatoka upande wa daraja, si wa Nimule. Yawezekana, nilikuwa na vumbi machoni. Kama Moses hakusimama juu ya pikipiki bali kando yake, aje aseme. Kama kuna jina nimelisahau, mwenye jina asikasirike, apite hapa nyumbani anitajie, nitaliandika mahali pake.